Mgeni Asiyesindikizwa

Hina ya Delu ilikuwa ya juzi tu, ya harusi ya jirani, imekolea hadi kukaribia weusi. Adhuhuri alipomwekea kaka yake bakuli la ugali wa tuwo na mchuzi wa bamia, viganja vyake vilikuwa vitupu kama karatasi.

"Umeiosha na nini?" Sambo aliuliza, hedifoni shingoni.

"Sijaiosha. Kula, kinapoa."

Hakuuliza tena, alikuwa na albamu ya kumaliza. Miaka minne tangu amalize chuo kikuu, shahada yake ya kemia ilikuwa ukutani ikifunika ufa, na hiyo ndiyo ajira pekee iliyowahi kuipata. Kila ofisi ya Kano ilimuuliza anamjua nani. Basi akajifungia chumbani na kompyuta, akaanza muziki wa kupunguza: nyimbo tisa, kila mmoja na sauti chache kuliko uliotangulia, kama kanzu ya nili inayofuliwa mpaka isahau rangi yake. Wimbo wa tisa ulibakiza sauti tatu za zeze zikijirudia, na chini yake pumzi ya Delu, iliyorekodiwa akiwa amelala.

Zeze alikuwa amelirekodi uani kwa Hajiya Tabawa, asubuhi muuza bajia za kunde, Alhamisi bingwa wa bori, ngoma ambayo kila jini huitwa kwa wimbo wake. Nyumbani alikata mlio wa vibuyu, akakata vigelegele, akakata na ule mwisho mrefu wa zeze uliomchosha.

"Porojo," alisema, akafuta.

Kesho yake baada ya hina kutoweka, kitenge cha Delu kilipauka. Keshokutwa mchuzi wa pilipili ulikuwa wa kijivu, ingawa bado uliwasha ulimi. Nyumba ilishika harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji, na hata spika zilipozimwa, zile sauti tatu zilitoka ndani ya mtungi.

"Kaka," Delu alinong'ona, "mbona midomo yangu siioni kwenye kioo?"

Sambo akakimbilia kompyuta, akauzima wimbo uliokuwa bado ukijirudia, na papo hapo kifua cha dada yake kikasimama, macho wazi, kikasimama kama feni umeme unapokatika, naye akabonyeza tena, akikosa kitufe mara mbili, mpaka zeze likarudi na pumzi ikarudi nalo, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Betri ilikuwa na asilimia kumi na tisa. Akauacha wimbo ukicheza, akatoka mbio.

Hajiya Tabawa alikuja na mafuta ya bajia bado mikononi, nyuma yake Mamman, mpiga zeze wa ngoma yake, zeze mkononi. Alimtazama Delu, mweupe juu ya mkeka kama nguo iliyoanikwa miaka, akageukia Sambo.

"Nani alikufundisha kumwita mgeni ukamnyima mlango wa kutokea?"

"Nilikata tu mwisho, Hajiya. Ulikuwa mrefu."

"Ulikuwa mrefu. Ndiyo mliyosomea huko miaka yote? Ule ndio wa kumsindikiza jini atoke."

"Basi Mamman aupige, tafadhali."

"Atapiga. Lakini aliyeita ni wewe, si Mamman. Utatangulia, jini atakufuata. Usigeuke mpaka yeye mwenyewe akwambie inatosha. Ukigeuka mapema, anarudi kwa huyu mtoto, na safari hiyo haondoki."

"Na asiponiambia?"

Hajiya alitupia jicho kompyuta. "Imebaki asilimia ngapi hiyo?"

"Mbili."

Akamwashiria Mamman kwa kidevu. Sambo akavaa viatu.

Mamman aliburuta upinde, ule mwisho mrefu ukaanza, na kompyuta ikazima. Kisha nyuma yake Sambo akasikia kikohozi, na sauti ya Delu, kavu, hai: "Nina kiu." Machozi yalimtoka, hakugeuka. Akavuka kizingiti, na harufu ya chokaa ikavuka naye, imemkaa kisogoni.

Alipita wauza nyanya. Mmoja alimtania, "Msomi, leo umepata kazi?" kisha akamwona anayemfuata, akafunika nyanya zake kwa kanga. Alipita geti la mji, zeze likififia mpaka hakulisikia tena, na mbele yake jua kali la mchana likawa linamwaga mwanga usio na rangi juu ya barabara ambayo kila hatua yake iliifanya nyeupe zaidi, naye akaenda, akaenda, akisubiri neno moja.

Likaja.

"Inatosha, kaka. Rudi nyumbani."

Ilikuwa sauti ya Delu. Kama ni jini amesema, Sambo yuko huru kugeuka. Kama ni Delu mwenyewe aliyemkimbilia barabarani, ameokoka na analia, basi kugeuka ni kumuua.

"Kaka, nimechoka kukukimbiza. Geuka basi."

Sambo alitega sikio aisikie pumzi yake, pumzi ya mtu aliyekimbia. Upepo ulikuwa mwingi. Akaongeza mwendo.