Posta ya Luseno

Soko la Muthurwa lilikuwa limefurika watu Luseno alipokanyaga kitambaa kilichotandazwa kando ya cherehani.

"Wewe! Hilo ni pazia, si zulia!"

Aligeuka. Msichana mwenye gauni la njano, futi ya kupimia imening'inia shingoni, alikuwa amemkazia macho.

"Samahani, mrembo. Natafuta kitambaa cha kufunika mashine yangu isiingie vumbi."

"Mashine gani hiyo ya kuvalishwa nguo?"

Hapo Luseno, kijana ambaye sifa humtoka kabla ya salamu, akapanua kifua. Nyumbani kwake Donholm, alisema, ana kisanduku cha kuhifadhia data, kidogo kama mkate, na ndani yake amejenga posta yake mwenyewe. Barua pepe zake hazipitii kwa kampuni yoyote ya ng'ambo.

"Kwa hiyo wewe ndiwe posta?" Msichana yule, jina lake Triza, aliangua kicheko. "Na stempu unazilamba mwenyewe?"

Miezi miwili baadaye walikuwa wakipigiana simu kila jioni, na Triza alikuwa na anwani kwenye kisanduku kile. "Achana na hizo za bure, malkia," Luseno alimwambia. "Kwangu uko nyumbani."

Kisha kiwanda kimoja cha nguo, mwendo wa dakika kumi kutoka chumba cha Triza katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, kikamwandikia: tunakutaka uwe msimamizi wa washonaji, thibitisha kabla ya Ijumaa. Triza alijibu saa ile ile.

Jibu halikufika. Mitambo ya kampuni kubwa za barua pepe huzishuku barua zinazotoka kwenye laini za intaneti za nyumbani, na hii ikakataliwa. Kwa kawaida mwandishi hupewa taarifa. Lakini Luseno alikuwa amepanga taarifa zote za kukataliwa zije kwake peke yake, Triza asije akaiona aibu ya posta yake.

Aliisoma Jumanne. "Nitarekebisha kabla hajajua," akajiambia. Siku tatu akajaza fomu za kuomba anwani ya mtambo wake iondolewe kwenye orodha ya zinazoshukiwa. Simu moja tu kwa Triza ingetosha. Hakuipiga.

Ijumaa asubuhi, Triza ndiye aliyepiga. "Mpenzi, mbona hawa watu kimya? Au barua haikufika?"

"Imefika. Watu wa ofisi ni wazembe tu."

Akakata simu, akarudi kwenye fomu zake.

Jumatatu Triza alipiga tena, akilia. "Wamempa mwingine! Eti sikujibu. Labda waliona natoka Mukuru wakanidharau."

Luseno angeweza kuvumilia matusi. Hilo hakuweza. Alimfuata mpaka kwenye cherehani yake, akasema yote akiwa amesimama, macho chini.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Na Ijumaa nilipokuuliza?"

"Nilikuwa najua."

"Barua kupotea ningekusamehe hapo hapo, Luseno. Lakini uliniacha nijidharau ili wewe usionekane mdogo?"

"Ndiyo." Masikio yalimwaka moto. "Twende kiwandani. Nitasema mwenyewe."

Walimkuta meneja, Bi Ndindi, langoni, wafanyakazi wakitoka kula chakula cha mchana. Luseno hakunong'ona. "Huyu alijibu siku ile ile. Barua ilikataliwa kwa ajili ya mtambo wangu, nami nikaficha."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akamwita fundi wa mdomo. Luseno alisimama tu, jasho likimteremka mgongoni.

"Nafasi imejazwa," Bi Ndindi alisema, akimgeukia Triza. "Ila mwezi ujao tunaongeza washonaji. Utafanya majaribio kama wengine. Niachie nambari ya simu."

Barabarani Luseno alinyoosha mkono. Triza akaurudisha wake nyuma.

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Ile anwani uifute leo. Na ukiwa na habari mbaya, uniletee mwenyewe, mapema."

"Nitaleta."

Triza alitembea hatua chache mbele, kisha akasimama bila kugeuka.

"Sasa unakuja, au unangoja nikuandikie?"