Kikombe cha Maji cha Bi Mwanarusi

Mwaka 1988 Jumwa alikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya Changamwe. Kila asubuhi alitandika vitanda, akamwaga vyombo vya haja, akawaogesha wagonjwa. Na kwa kuwa hakujua kukataa, wenzake walimtwika na zamu zao. "Jumwa mpole jamani!" walimsifu, kisha wakaenda zao kulala. Miguu ilimvimba, usingizi ukampaa, naye kimya tu.

Siku hiyo Bi Mwanarusi, mzee wa Likoni, alikuwa apasuliwe tumbo. Sista Dorcas, mkuu wa wodi, alikwisha kuonya kwamba asile wala asinywe chochote.

"Mwanangu," bibi aliita.

"Abee, nyanya."

"Koo limenikauka. Nipe maji, funda moja tu. Hata mfungwa hanyimwi maji, wallahi!"

Jumwa alilijua onyo. Lakini kwao Mwakirunge, nani amnyime mzee maji? Akampa kikombe. Bibi akakinywa chote, akamwombea dua.

Punde kitanda cha magurudumu kikaletwa. Hapo Jumwa akakumbuka somo la darasani. Walifundishwa kwamba mgonjwa akitiwa nusukaputi na tumboni mna kitu, huweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni, akafa usingizini. Akisema, atafokewa. Asiposema, bibi huenda asirudi.

"Sista, msimpeleke! Nimempa maji."

Loo! Sista Dorcas alifoka hadi wodi nzima ikanywea. Daktari wa upasuaji akamruka bibi, akahudumia wengine, akaondoka, asirudi hadi keshokutwa yake. Muda wote huo bibi aligaagaa kwa maumivu. Hatimaye alipasuliwa, akapona. Lakini Jumwa alipompelekea uji, bibi aligeukia ukutani.

"Wewe sikutaki. Si ungenyamaza tu! Niletee muuguzi mwengine."

Jumwa alikwenda kulia chooni. Uchungu ulioje! Tena alikwisha kuambiwa atarudia mafunzo ya wodi ile muhula mzima.

Sista Dorcas alimfuata huko. "Yu hai kwa sababu ulisema kweli," alimwambia. "Lakini aliteseka kwa sababu uliogopa kuchukiwa. Muuguzi anayetaka kupendwa na kila mtu, siku moja ataua mtu. Jifunze kukataa, Jumwa. Na ukielemewa na kazi, sema kabla hujaharibu."

"Nimesikia, Sista."

Alinawa uso, akarudi wodini. Bi Mwanarusi hakumsemesha tena, hata siku wanawe walipokuja kumchukua.