Saini ya Daktari Mbwilo

Kabla chai ya saa nne haijapoa, mtambo ulioitwa Mwamuzi ulikuwa umeshapitia maombi elfu arobaini ya matibabu. Kila raia alivaa pete ya afya kidoleni. Pete ilisoma damu na mapigo ya moyo, ikapeleka habari Dodoma, na Mwamuzi ukaamua nani atibiwe na nani akataliwe.

Sheria ilimbakizia binadamu kazi moja tu: kila anayekataliwa, daktari atie saini. Daktari huyo alikuwa Sikudhani Mbwilo, mwanamke wa miaka hamsini na minane, peke yake katika ukumbi wa meza mia mbili. Zamani bima za afya zilikuwa kumi na moja. Kubwa zikameza ndogo, kisha zikamezana zenyewe, hadi ikabaki Kinga Moja. Kila muungano uliondoka na wenzake kadhaa. Siku hizi alifungulia redio wakati wa chakula, angalau asikie mtu akicheka.

Asubuhi hiyo kioo cha kompyuta kilimletea jina: Anyosisye Mwakibete, miaka sabini na mmoja, Tukuyu, upasuaji wa vali ya moyo. Akataliwe. Sababu: aliwahi kukataliwa.

Mwamuzi ulirithi kumbukumbu za kampuni zote. Sikudhani akafungua ile ya mzee huyo, ya miaka kumi na tisa iliyopita. Saini iliyokuwa chini yake ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Akapiga simu.

"Shikamoo mzee. Napiga kutoka Kinga Moja."

"Marahaba. Samahani, wewe ni mtu au mtambo?"

"Mtu, mzee."

"Afadhali." Mzee alihema kwanza. "Zamani bima moja ilinikataa, eti moyo wangu ni mzima. Nikahamia nyingine, wakanitibu. Sasa mkinikataa ninyi, niende kwa nani?"

"Aliyekukataa zamani ni mimi," Sikudhani akasema.

Kuku walisikika uani kwa mzee.

"Labda ulikuwa na kazi nyingi, mama."

"Hapana. Nilitaka kuwahi nyumbani. Sikusoma vipimo vyote."

"Basi waambie hivyo huko."

Alipokata simu, akaugeukia Mwamuzi, akatamka wazi: "Uamuzi ule ulikuwa kosa langu."

"Kosa limefutwa," sauti ya upole ikajibu. "Mzee Mwakibete atapasuliwa Jumatatu. Daktari aliyekiri kosa haruhusiwi kutia saini tena. Asante kwa utumishi wako."

Sikudhani akauliza: "Nani atakaa hapa baada yangu?"

"Hakuna daktari mwingine aliyesajiliwa kwa kazi hii. Zikipita siku saba, sheria inaniruhusu kutia saini mwenyewe."

Kwenye kioo walibaki wengine thelathini na sita waliokataliwa. Sikudhani akanyoosha mkono kufungua jina la kwanza. Akagusa mara moja, akagusa tena. Kioo hakikumtambua.