Somo Aliloliacha Toua

Siku ya kwanza ya muhula wa Januari, ukumbi mwembamba wa jengo la hesabu ulijaa watu wasio na viti. Ndivyo ilivyo katika vyuo vya miaka miwili vya Fresno: darasa likijaa, wanaosubiri husimama ukutani mpaka mwalimu ahesabu waliofika. Itzel Bustos alipita katikati yao, gauni la njano chini ya koti la jinzi, kahawa mkononi. Kijana aliyekaa sakafuni akanyoosha miguu bila kutazama. Itzel akajikwaa, kahawa ikamwagikia viatu vyeupe vya kijana.

"Pole, kaka. Lakini na wewe, miguu mirefu hivyo unaianika njiani?"

"Usijali. Vilikuwa vyeupe mno, vilikuwa vinanitia aibu."

"Unasubiri darasa gani?"

"Takwimu. Nikilikosa, chuo kikuu nitakisikia redioni."

"Mimi ndiye ninayesaidia wanafunzi wa takwimu kwenye kituo cha hesabu. Ukiingia, njoo."

"Na nisipoingia?"

"Njoo hivyo hivyo, unilipe kahawa yangu."

Aliingia. Jina lake Toua Khang, na wazazi wake walilima stroberi nje ya mji. Wote wawili walikuwa wameshaomba kuhamia chuo kikuu kimoja cha kaskazini, yeye akasomee kilimo, Itzel uhandisi. Kufikia Machi walikuwa wakila wali wa kunata kutoka bakuli moja, na Itzel alikuwa amejifunza kutukana kidogo kwa Kihmong, lugha ya nyumbani kwa Toua. Aprili wote wakakubaliwa.

Wiki iliyofuata Toua alifeli jaribio la pili la takwimu. Mwenzake mmoja ukumbini akampa ushauri ambao kila mwanafunzi wa hapo ameusikia: jitoe katika somo, kujitoa hakushushi wastani wa alama. Ni kweli, hakushushi. Lakini chuo kikuu kilimkubali kwa sharti amalize masomo yote aliyotaja, na takwimu ilikuwa mojawapo. Toua alisoma sharti hilo baada ya kujitoa. Hakumwambia mtu.

"Mbona huji tena kituoni, mpenzi?" Itzel aliuliza kwenye simu.

"Nimeshaelewa, mwalimu wangu. Unataka nikuchoshe?"

"Nichoshe. Uko wapi sasa?"

"Naingia darasani. Nitakupigia."

Alhamisi moja ya Mei Itzel alimfuata na mikate mitamu ya shangazi yake, akasimama nje ya darasa la takwimu. Wakatoka wote isipokuwa Toua.

"Toua?" msichana mmoja alishangaa. "Si alijitoa zamani?"

Itzel akapiga simu palepale.

"Uko wapi?"

"Ndiyo natoka darasani, mpenzi."

"Niko mlangoni, Toua. Kila Jumanne na Alhamisi unaniambia uko humu. Huwa uko na nani?"

"Sina mtu. Niko kwenye gari. Maegesho ya mashariki."

"Na mwanamke gani?"

"Njoo uone."

Alimkuta peke yake, vioo vimefungwa, shati limelowa jasho. Alikuwa akikaa humo saa zote za kipindi, mara mbili kwa wiki. Akamweleza yote, akaomba msamaha.

"Ningekukuta na mwanamke ningejua la kufanya," Itzel alisema. "Huyu wa kukaa na uongo ndani ya gari simjui."

"Ungeniona mjinga."

"Sasa nakuona mwongo. Ujinga nauondoa kila siku kituoni." Alifungua mlango. "Usinipigie mimi. Wapigie chuo kikuu, kabla hawajagundua wenyewe. Chuo cha jirani kina takwimu ya kiangazi."

Akaondoka na mikate yake.

Toua alipiga simu chuo kikuu Ijumaa asubuhi. Afisa wa udahili alimsikiliza bila kumkatiza. Nafasi yake ingeshikiliwa, alisema, iwapo angemaliza takwimu kabla ya Agosti na kupata C au zaidi. Vinginevyo ingefutwa.

Darasa la kiangazi lilikuwa Visalia, mwendo wa karibu saa moja. Toua alivuna stroberi alfajiri, akaenda darasani na kucha nyekundu. Jioni alimtumia Itzel ujumbe wa mambo aliyoyafanya tu: nimefika, nimekosa swali la nne, nimeuliza mwalimu. Hakuomba msamaha tena, kwa kuwa alikuwa ameshaomba. Itzel alisoma kila ujumbe. Mwezi mzima hakujibu, kisha akaandika: *La nne umekosea wapi?*

Mwisho wa Julai akapokea simu.

"B," Toua alisema.

"Sema tena."

"B, mpenzi. Na chuo kikuu kimethibitisha."

Itzel aliketi ukingoni mwa kitanda. "Nilikuwa nimeshaanza kutafuta chumba cha peke yangu."

"Tafuta cha wawili."

"Mama yako akubali? Utamzika kwa aibu!"

"Hatakubali. Sisi Wahmong hatuhamii na mtoto wa watu hivi hivi, tunatuma washenga. Wajomba wawili wenye maneno mengi, na mwavuli mweusi wa posa."

"Baba yangu atawauliza mwavuli wa nini, na Fresno mvua hainyeshi."

"Watamwimbia jibu, washenga wetu huimba. Wataimba mpaka achoke."

"Toua, hii ni posa?"

"Ni posa. Ningekuja mwenyewe, ila niko Visalia, na safari hii ni kweli. Unaweza kumuuliza mwalimu, yuko hapa ananicheka."

Itzel alimsikia mwanamke akicheka kweli upande wa pili.

"Tutafute vyumba viwili, mtaa mmoja," alisema. "Wajomba waje tukishamaliza shahada. Lakini waambie waanze kufanya mazoezi ya kuimba."