Mikono Iliyopokea Kioo

Haya yalimpata baba yangu mdogo, fundi magari ambaye karakana nzima ilimwita Milimita, maana alipima hata pale ambapo macho yangetosha. Alipostaafu alinunua gari kuukuu lenye kitanda na jiko ndani, ili yeye na mama mdogo watembee kabla magoti hayajawagomea.

Injini ilikuwa nzima, ila madirisha ya ubavuni yalivuja. Jumamosi asubuhi akaanza kuyang'oa aweke mapya, ya kusogeza, yenye wavu wa mbu. Vioo vya zamani vilibandikwa karatasi nyeusi ya kuzuia jua, huoni upande wa pili. Akaukata mpira uliokakamaa wa kushikilia kioo, akaingia ndani ya gari, akamwita mkewe aje apokee kwa nje.

"Umeshika?"

"Nimeshika." Sauti ya chini.

Akasukuma, akaachia, akainama kuokota kisu. Alipochungulia, kioo kilikuwa kimeegemezwa ukutani vizuri. Hapakuwa na mtu.

Mama mdogo ndiyo kwanza alikuwa anatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Nisamehe, nimekuchelewesha."

 Baba mdogo alijipa moyo kwamba aliyepokea ni jirani. Jirani alikuwa kasafiri.

Kwenye dirisha la kushoto wakabadilishana: mama mdogo ndani akisukuma, yeye nje akipokea. Mpira ulipoachia, sauti ya mkewe ikatoka nyuma ya kioo.

"Niachie mkono."

"Sijakushika."



"Niachie. Unaniumiza."

Mikono yote miwili ya baba mdogo ilikuwa kwenye kioo. Akakitupa. Kikapasuka. Akaingia mbio. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani peke yake, akiutazama mkono wake wa kulia kama si wake.

"Nitoe humu," alinong'ona.

Baba mdogo ni mbishi. Mchana uleule alifunga madirisha mapya peke yake, akazungushia gundi, akalitia gari kufuli. Mama mdogo hajalipanda tena. Safari zao zimeishia uani.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimu, nikaomba kuliona. Gundi ilishakauka kitambo, ngumu kama kwato. Kwa ndani, ukingoni mwa dirisha la kushoto, pana alama za vidole vinne vilivyozama gundi ikiwa bado mbichi, kama vya mtu aliyekishikilia kioo kisianguke.

"Si vyako hivi?" nikamuuliza baba mdogo.

Akaviweka vyake juu ya zile alama. Viliishia nusu.