Uji wa Makhanu

Kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi, mama yake Nangila aliondoka kwenda kazini katika shamba la maua. Nangila, msichana wa miaka kumi na miwili, alibaki katika chumba chao cha kupanga huko mtaani Karagita, pamoja na mdogo wake Makhanu, mtoto wa miezi minane. Alimlisha uji, akampeleka kwa jirani, Mama Achola, kisha akakimbilia shuleni.

Uji ulikuwa moto na kengele haikumngoja mtu. Basi Nangila alichota kijiko, akapuliza, akaonja, akamlisha mtoto. Ndivyo alivyomwona mama akifanya.

Jumatatu moja aliamka na mafua. Darasani rafiki yake Waithera akamcheka.

"Pua yako ni kama mfereji wa maji wa ploti yetu, haifungiki!"

"Nyamaza wewe! Mwalimu Kang'ethe akisikia atanirudisha nyumbani, na Ijumaa tuna netiboli."

Jioni mama aliuliza, "Mbona sauti imekwama?"

"Ni vumbi tu, mama."

Asubuhi iliyofuata akapuliza uji kama kawaida.

Jumatano alipotoka shuleni alimkuta Mama Achola kwenye lango la shule, Makhanu akiwa mgongoni.

"Mtoto amekataa kula tangu saa sita, na anahema mbio! Mama yako nimempigia simu. Twende!"

Walipanda bodaboda hadi kituo cha afya. Muuguzi, Sista Chepkorir, alifunua kifua cha mtoto, akahesabu pumzi akitazama saa. Mbavu zilikuwa zikibonyea kila alipovuta hewa. Sista alimwekea oksijeni upesi. Mama akaingia akitweta, bado amevaa aproni ya kazi.

"Nani nyumbani ana mafua?" Sista aliuliza.

"Hakuna," Mama Achola akajibu. Mama aliinamisha macho.

Nangila alimtazama Makhanu. Macho yalikuwa yamefumba, na kucha zake ndogo zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu. Je, kama hataamka?

"Ni mimi," alisema. "Tangu Jumatatu."

"Si uliniambia ni vumbi?"

"Nilikudanganya, mama. Na uji wake nimekuwa nikiupuliza, na kuuonja kwa kijiko kile kile."

Sista aliandika haraka. "Vizuri umesema. Sasa najua ninachotibu."

Walingoja kwenye benchi. Saa moja ikapita, na nyingine. Hatimaye Makhanu akalia, kilio kikali cha mtoto mwenye njaa. Mama alimkumbatia Nangila, machozi yakimtiririka.

"Sista," akasema polepole, "mimi pia koo linaniwasha tangu jana. Nilinyamaza nisikose kazi."

Sista Chepkorir aliwapa wote wawili barakoa.

"Kumbe mlikuwa mnafichana! Sikilizeni. Mafua ya mtu mzima ni usumbufu, lakini kwa mtoto mchanga yanaweza kuwa kifo. Ukiugua, sema siku hiyo hiyo, ukae nyumbani. Kohoa kwenye kiwiko. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Uji upoe wenyewe kwenye bakuli, usiupulize, na kijiko cha mtoto kiwe chake peke yake. Nangila, ungesema Jumatatu, mtoto huyu pengine hangelala hapa leo. Lakini umesema, ukiwa unaogopa, na hilo limetusaidia kumtibu."

Nangila alijibu akivaa barakoa yake, "Kesho sitaenda shuleni, wala Ijumaa kwenye netiboli, Sista. Nitampigia mwalimu simu nimwambie sababu."