Banzi la Wangila

Kila jioni akitoka shule, Musimbi alivua sare, akala alichobakishiwa, kisha akaenda kumchukua mdogo wake Wangila kwa Hadia, mwenye ploti walimopanga. Mama yao alikuwa bado Kawangware akiuza mboga. Musimbi alimbeba mtoto mgongoni kwa leso, akachukua mtungi na kushuka hadi bomba la mtaa wa Laini Saba kuteka maji.

Wangila alizaliwa na mkono wa kulia uliopinda. Mfupa mmoja wa kigasha haukukua, kwa hiyo kiganja kililalia ndani, na kidole gumba hakikuwepo. Hospitalini alifungwa banzi, kibao chepesi chenye mikanda, alivae mchana na usiku ili mkono ulegee kabla ya upasuaji.

Tatizo ni kwamba banzi lilichomoza nje ya leso, na pale bombani macho hayana pazia. Wanawake waliuliza mtoto ana nini. Mmoja alinong'ona kuwa mama yake lazima alimcheka kilema alipokuwa mjamzito. Musimbi aliumia sana. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoka alilifungua banzi, akaukunja ule mkono mdogo na kuuficha ndani ya leso. Mama alipokaribia kurudi, alilifunga tena. Alijiambia kuwa muda mfupi haudhuru, ingawa moyoni hakuwa na amani hata kidogo.

Siku ya kliniki ilifika, na Musimbi akamsindikiza mama. Daktari Wamucii aliuvuta mkono wa Wangila taratibu. Ulikuwa mgumu vilevile. Alimuuliza mama kama mtoto huvaa banzi kweli, naye mama akaapa kuwa halimtoki.

"Basi banzi limeshindwa," daktari alisema. "Itabidi tumpasue mara mbili. Kwanza tutamwekea chuma chenye misumari mfupani, kiuvute mkono polepole. Upasuaji wenyewe utafuata baadaye."

Mama alijifuta uso kwa upindo wa leso. Musimbi alimtazama Wangila akimchekea daktari. Akisema, mama atajua alivyodanganywa. Akinyamaza, mtoto atapigwa misumari bure.

"Daktari, banzi halijashindwa," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi humvua. Watu wanatuangalia sana."

Mama aligeuka akamkodolea macho. Daktari hakugomba. Alichukua leso, akamwonyesha Musimbi namna ya kumbeba mtoto kifuani, mkono wenye banzi ukiwa nje umenyooka. Akamfundisha mama kuunyoosha mkono kila anapombadilisha nepi. Chuma kingesubiri kwanza.

Wiki zilizofuata zilikuwa za wasiwasi. Musimbi aliukagua mkono kila asubuhi akihofia kwamba amechelewa. Bombani walipouliza, aliwajibu kuwa mtoto yuko kwenye matibabu, akaendelea na foleni yake.

Waliporudi kliniki, kiganja kilivutika kwa ulaini. Daktari alisema chuma hakihitajiki tena. Wangila angepasuliwa mara moja tu, na tarehe wakapewa papo hapo.

Walipotoka, mama alimshika Musimbi bega. "Kuona haya si kosa, Musi. Hata mimi nimewahi kuufunika huo mkono kwa shali kanisani. Lakini ukificha jambo, jiulize kwanza ni nani atakayeumia. Siku ile ungenyamaza, misumari ingeingia mfupani mwa Wangila, si mwako."